Mashanza Yaliyong'atwa

Ukipitisha jani la mgomba juu ya makaa, kuna pahali linabadilika. Mwanzo ni kijani kigumu tu, halafu linang'aa kama limepakwa mafuta, linalegea mkononi, na linatoa harufu ambayo siwezi kuieleza kwa mtu asiyekulia mgombani. Wiki iliyopita jirani alikuwa anafunga samaki wa ziwani kwenye majani namna hiyo, upepo ukaileta ile harufu mpaka kwenye mkeka wangu, nikaacha kuchambua maharage. Aliyenijia mbele ya macho hakuwa marehemu mume wangu, wala mama yangu. Alikuwa Ansima, mjukuu wangu, mashavu yamejaa, anatafuna huku analia.

Ninyi wa umri wangu mkikaa pamoja mnakumbushana utoto wenu. Mimi wangu naukumbuka, na humu nitautaja kidogo. Lakini utoto nilioushika vizuri zaidi ni wa Ansima. Wangu niliupita mbio, wake niliutazama nimekaa. Shule nilisoma kidogo, masista walinifundisha herufi, halafu nikaolewa. Ila majina hayanitoki. Hata ya ng'ombe sijayasahau.

Tulifika Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, kutoka milima ya Bushi, Kivu ya Kusini kule Congo, mimi na binti yangu Nabintu, na Ansima mgongoni kwa mama yake. Nabintu homa ilimchukua kabla hatujavuna mahindi yetu ya kwanza. Nikabaki na mtoto. Alikua akiniita Koko, kama watoto wote wa kwetu wanavyowaita mabibi zao, na alikua akizungumza kila lugha iliyopita mlangoni: Kiswahili chetu, Kishi changu, Kirundi cha jirani, na Kinyankole cha wachungaji. Wakati ninaousimulia meno yake ya mbele ya juu yalikuwa yameanza kung'oka. Akicheka unaona dirisha.

Riziki yetu ilitoka kwenye maziwa. Nakivale imezungukwa na ng'ombe wa Wanyankole, wale wenye pembe kama matawi, na mimi nilijua kitu ambacho wenye ng'ombe hawakukijua: kutengeneza mashanza. Unayaacha maziwa yagande kwenye chungu, unatoa siagi, unayapasha moto wa pole mpaka yajitenge, unayamimina kwenye kitambaa safi na kuyatundika yachuruzike. Halafu chumvi, unafinyanga kwa viganja, unafunga kwenye jani lililopita motoni. Watu wa vitabu wanasema jibini. Sisi tunasema mashanza.

Maziwa nilinunua kwa Mzee Kamugisha. Ng'ombe wake walikuwa Bihogo, Gaaju, na mmoja mkorofi, Siina. Kamugisha alikuwa mtu mwema lakini alikuwa na mwiko wake, kwamba maziwa hayapikwi, ukiyapika unamuumiza ng'ombe na chuchu zake zitakauka. Siku aliposikia harufu ya moshi wangu alikuja na fimbo yake akasimama mlangoni.

“Mama Congo, unapika Bihogo yangu?”

Nikamwambia siyapiki, yanaota moto tu, kama mtu mwenye baridi. Akafikiri sana, akasema kuota moto si mbaya, akaenda. Kuanzia siku ile kila akinipimia maziwa alikuwa ananikumbusha yasiote karibu sana.

Soko nilikwenda Kabingo. Wakongomani wenzangu walinunua kwa machozi, kwa sababu ya kukumbuka nyumbani. Wenyeji walinusa, wakacheka, wakapita. Mpaka siku alipokuja mwanamke mmoja mnene, wa sauti kubwa, amekuja kutafuta matoke ya bei ya chini. Alikuwa mke wa askari, anakaa Mbarara kwenye kambi ya jeshi, upande wa Kakiika. Jina lake Jovia, lakini kila mtu alimwita Mama Doreen kwa ajili ya binti yake wa kwanza. Ansima akamkatia kipande na kumsemesha kwa Kinyankole kizuri. Mama Doreen akatafuna, akafumba jicho moja.

Akasema yeye amekunywa maziwa tangu tumboni lakini hajawahi kuyatafuna. Halafu akasema hii ni chizi, wakubwa wanakula hii kwenye hoteli za Mbarara, na wanaichoma na vijiti vya meno. Bwana wake, Sajini Byamukama, alikuwa anarudi kutoka kazi ya mbali baada ya muda mrefu, na atamfanyia pate, yaani sherehe, ya kumpokea, na mabosi wake watakuja. Akataka nimletee sahani nzima, niipange mwenyewe pale kambini.

Tulipokubaliana hakuondoka. Alimtazama Ansima akipanga vifurushi, akaniinamia.

“Kaaka,” akasema, ndivyo Wanyankole wanavyomwita bibi, “huyu mutoto wewe naachia mimi. Atasoma na Doreen. Shule iko karibu na kambi, waalimu iko mazuri. Huko kwenu anasoma nini?”

Alisema kweli. Shule yetu ya wakati ule watoto walibanana chini ya turubai, mwalimu mmoja, mvua ikinyesha wanarudi nyumbani. Na mimi nilikuwa nimeanza kukohoa kikohozi kisichoondoka. Usiku nilikuwa nasikia ule mlio kifuani na kujiuliza, nikifuata njia ya Nabintu, huyu mtoto atabaki kwa nani? Nikamwambia Mama Doreen nitafikiri, jibu nitampa siku ya sherehe. Nilidhani Ansima hasikii. Alikuwa anafunga vifurushi kwa utulivu sana.

Hapa lazima niseme desturi ya kwetu, maana bila hiyo hamtaelewa alichofanya. Kijijini kwetu, siku wageni wanapokuja kumchukua msichana, msichana mwenyewe ndiye anapanga sahani ya mashanza. Anaipanga kwa mikono yake na haionji. Wageni wakila, neno limefungwa, ameshakuwa wao. Lakini akiing'ata yeye kwanza, amekataa. Hakuna anayegombana, hakuna anayemuuliza sababu. Wageni wanapewa pombe ya ndizi, wanasifia mvua, wanakwenda zao.

Nimeliona hilo mara moja. Nilikuwa mdogo kama Ansima, na shangazi yangu Nankafu alikuwa anaposwa na mtu wa ng'ambo ya mto, Cirhuza, mwenye ng'ombe wengi na mdomo mchafu. Shangazi akatoka na sahani, akasimama mbele ya wazee wote, akachukua pande kubwa la mashanza akaling'ata. Mimi nikadhani ana njaa. Nilimwonea huruma mpaka nikaenda kuchukua kiazi kitamu cha jana jikoni, nikampelekea kwa siri nyuma ya nyumba. Alicheka akashika ukuta. Mpaka nilipoolewa mimi ndipo nikajua kwamba ile siku hakuwa na njaa hata kidogo.

Hadithi hiyo nilimsimulia Ansima mara nyingi tukikoroga maziwa. Alikipenda kile kipande cha kiazi. Alikuwa ananirudisha hapo kila mara, “Koko, sema tena ile ya kiazi.”

Basi sherehe ikakaribia. Nilitaka mtoto aonekane mtu mbele ya watu wa Mbarara, kwa hiyo nikamnunulia gauni la mtumba, la njano, lenye kola nyeupe, na viatu vya kamba. Nikamsuka. Jirani yetu Mama Esperance, mwanamke wa Uvira mwenye utani usiokuwa na breki, akapita akatukuta nampaka mafuta miguuni.

“Eh, bibi arusi,” akamwambia, “Koko yako anakupeleka kwa basoda? Utatukumbuka kweli, ukikula nyama kila siku?”

Basoda ni askari kwa lugha ya kwetu. Mimi nikacheka. Mama Esperance akacheka. Ansima hakucheka, akauliza tu kama watu wa kule watakula mashanza yote. Nikamwambia ndiyo, hiyo ndiyo kazi ya mashanza. Akauliza, “Na bakishakula, haiwezi kurudia?” Nikamwambia chakula kikishaliwa kinarudije, wewe mtoto. Akainamisha kichwa. Nilidhani anasinzia kwa sababu ya kusukwa.

Tuliondoka alfajiri, kapu kichwani kwangu, majani mabichi ya mgomba mikononi kwake. Pale kwenye geti la kambi miguu yangu ilisimama yenyewe. Sisi kule tulikotoka tulikuwa tumewakimbia watu wenye nguo za rangi ile, na mwili hauulizi kama hawa ni wa nchi nyingine. Mkono wa Ansima ulikuwa umelowa jasho ndani ya mkono wangu. Askari wa getini, kijana mwenye uso wa kucheka, akataka kuona tumebeba nini. Akafungua jani, akanusa, akarudisha kichwa nyuma.

“Kaaka, hii inanuka kama viatu ya kuruta,” akasema.

Nikamwambia kuruta akionja ataacha viatu. Akacheka, akatupitisha, akamsalimu Ansima kwa saluti ya mchezo. Mtoto akajificha nyuma ya kitenge changu.

Nyumba za familia zilikuwa zimepangwa mstari, nguo zimeanikwa, kuku, watoto, redio. Mbele ya kwa Mama Doreen hema lilikuwa limeshasimamishwa na viti vya plastiki vinapangwa. Jikoni wanawake walikuwa wanamenya matoke na kusema kwa sauti zote kwa pamoja. Mama Doreen akanipa chumba kidogo cha nyuma chenye meza, na sinia kubwa la bati lililochorwa maua. Akasema anataka iwe kama hoteli.

Sijawahi kupanga kitu kwa uangalifu kama siku ile. Jani nililipitisha motoni, nikalilaza kwenye sinia upande unaong'aa juu. Mashanza nikayakata kama unavyokata mkate wa duara, nikayazungusha ncha zikitazamana katikati. Pembeni ndizi ndogo za sukari, zimeiva mpaka zina madoa. Karanga za kukaanga hapa, nyanya zilizokatwa pale kwa ajili ya rangi, na kibakuli cha asali niliyopewa na mtu wa Kikagate. Weupe juu ya kijani, na njano, na nyekundu. Nikarudi nyuma nikatazama. Ilikuwa nzuri kushinda ile ya shangazi Nankafu.

Ansima alisimama pembeni na gauni lake la njano akiniangalia kila ninapoweka mkono. Nikamwachia tawi la kufukuza nzi, nikaenda kunawa na kuomba vijiti vya meno. Kule bombani wanawake wakanishika kwa maneno, na Mama Doreen akanivuta kando akauliza jibu langu. Nikamwambia mtoto anaweza kujaribu muhula mmoja. Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu. Akanishika mikono yote miwili kwa furaha.

Niliporudi, chumba kilikuwa kimya na nzi wamejaa. Ansima alikuwa ameketi chini, sinia mapajani. Alikuwa ametafuna kiasi alichoweza, na pale tumbo lilipokataa, alikuwa ameng'ata tu. Kila kipande. Hakuacha hata kimoja. Kila ncha ilikuwa na alama ya meno yenye dirisha katikati. Mashavu yamejaa, machozi na mate meupe vinashuka kidevuni mpaka kwenye kola nyeupe.

“Nimeing'ata mimi,” akasema, akameza kwa shida. “Yote. Habatakula. Koko, turudie kwetu.”

Nilisimama pale na vijiti vya meno mkononi. Kwanza nilitaka kupiga kelele. Halafu ile sauti ya sherehe nje ikawa mbali, nikaona kiazi kitamu cha baridi na shangazi akishika ukuta. Huyu hakuwa na njaa. Alikuwa amesimama kama shangazi, ila peke yake, bila wazee, akasema neno lake kwa njia aliyofundishwa. Na aliyemfundisha ni mimi.

Mama Doreen akaingia nyuma yangu. Akaona sinia. Akasema mambo kwa Kinyankole ambayo sikuyaelewa, na mengine ambayo niliyaelewa. Mabosi wameshafika, wamekaa, atawaambia nini? “Kaaka, umeniua,” akasema. “Umeniua mbele ya watu.”

Nikamweleza. Kiswahili changu na chake havikupatana vizuri, lakini nilimweleza desturi yote, sahani, wageni, msichana. Mwishoni nikasema lile lililobaki.

“Mama Doreen, jibu langu la bombani nalirudisha. Mwenyewe amekataa.”

Akasema huyu ni mtoto, anajua nini. Nikamwambia anajua sahani. Wakati huo mlango ukajaa. Alikuwa Sajini Byamukama, mrefu, nguo za jeshi zimepigwa pasi, amekuja kuuliza kwa nini wageni hawaletewi kitu. Ansima akaingia mzima mzima chini ya kitenge changu, akanishika magoti. Mke akamweleza mume, kwa haraka na kwa hasira. Sajini akasikiliza hadi mwisho. Akachukua kipande, akatazama zile alama za meno, akakigeuza.

“Binti yangu Doreen,” akaniambia taratibu, “tangu nimerudi ananikimbia tu. Hasemi kitu. Huyu wako angalau anasema.”

Akakirudisha kipande kwenye jani, akaomba kisu. Ndiye aliyetoa shauri, si mimi. Tukakata ncha zilizong'atwa, tukayafanya mashanza kuwa vipande vidogo kama kidole gumba, kila kimoja tukakichoma kijiti na kipande cha ndizi. Yule mtu mkubwa na vidole vyake vinene, mimi, na mkewe ambaye mwanzo alikata kwa kununa na baadaye akaanza kucheka puani. Sinia likatoka limejaa vitu vidogo vidogo vimesimama, na nikasikia kule hemani mtu mmoja mkubwa akisema hivi ndivyo inavyoliwa hoteli. Mama Doreen alijishika mdomo. Zile ncha zilizong'atwa tulizila wanawake jikoni na ugali, hakikubaki kitu.

Mama Doreen hakutuaga kwa hasira. Alimfuta Ansima kola kwa kitambaa chenye maji, akamwambia kwa Kinyankole kitu ambacho mtoto hakutaka kunitafsiria.

Tulishuka Kabingo jua bado liko juu, tukasubiri gari la kuelekea kambini kwetu kando ya duka la mbegu. Viatu vya kamba Ansima alikuwa amevivua, amevishika. Akaniuliza bila kunitazama.

“Koko, ulitaka kuniacha kweli, ao ni mimi nilifikiri vibaya?”

Ningeweza kumwambia alifikiri vibaya. Ni mtoto, angeamini, na angeshukuru. Lakini alikuwa ameng'ata sahani nzima mpaka tumbo linamuuma.

“Nilitaka,” nikamwambia. “Usome. Kifua changu hakiko muzuri. Niliogopa.”

Akatembea kidogo, akarudi.

“Siku ingine uniulize,” akasema.

Kikohozi baadaye kiliondoka, kwa dawa ya kliniki na kwa Mungu, sijui nani zaidi. Na mimi nikawa namuuliza. Nilimuuliza tupande mihogo ama mahindi, nilimuuliza kama tuhame karibu na ziwa, nilimuuliza kuhusu mtu aliyetaka kunioa uzeeni, Mzee Bahizire, akasema hapana kwa sababu anavuta tumbaku. Mama Esperance alikuwa ananicheka, anasema nyumba yangu inatawaliwa na mtu asiyekuwa na meno. Ansima alisoma chini ya lile turubai, mvua ikinyesha anarudi, mpaka turubai likawa madarasa, mpaka madarasa yakaisha na hakukuwa na mengine mbele yake kwa pale kwetu.

Siku moja alikuja kukaa kwenye mkeka wangu, msichana mrefu sasa, meno yote kamili. Akasema kuna shule ya sekondari Mbarara, ya bweni, kuna msaada wa kanisa, nafasi yake imetoka. Atakuwa anarudi likizo tu. Aliyasema yote vizuri, yamepangwa, halafu akanitazama usoni.

“Koko,” akasema, “nimekuja kukuuliza.”

Nikasema ndiyo. Nilisema haraka ili sauti isipate nafasi ya kuvunjika. Halafu nikasimama nikaenda nyuma ya nyumba, nikamkimbiza kuku mmoja muda mrefu sana, kuku ambaye hakuwa amefanya lolote.